Shilole atuandikie na mapishi ya Igunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo likitajwa watu huishia kucheka: msanii wa Bongo Fleva kuingia jikoni.

Zuwena Mohamed, ambaye wengi tunamwita Shilole, ni mtoto wa Igunga, mkoani kwetu Tabora. Tulimjua kwenye filamu, akavuma kwenye muziki, kisha akafungua mgahawa wake, Shishi Food, jijini Dar es Salaam. Tangu hapo nimesikia mara nyingi vijiweni watu wakisema "siku hizi ni mama ntilie", tena kwa sauti ya kumhurumia, kana kwamba ameporomoka. Msanii akienda bungeni tunamwita mheshimiwa siku hiyo hiyo. Akishika mwiko, tunauliza kama muziki umemshinda.

Nimefundisha maarifa ya nyumbani hadi nikastaafu, na maneno haya yananiuma. Kupika ni kazi yenye elimu yake, na anayeiingia akiwa na jina kubwa anaweza kufanya jambo ambalo sisi walimu hatukuweza.

Wenzetu Marekani wameshaipita njia hii. Kelis, mwimbaji aliyetamba dunia nzima mwaka 2003, alikuwa na mama mpishi. Akiwa tayari nyota alirudi darasani kusomea upishi katika chuo cha Le Cordon Bleu, mwaka 2014 akawa na kipindi chake cha mapishi kwenye televisheni, na mwaka uliofuata akatoa kitabu. Trisha Yearwood, mwimbaji wa kantri kutoka Georgia, alitoa kitabu chake cha kwanza cha mapishi mwaka 2008, akaanza kipindi cha televisheni mwaka 2012, na mwaka 2013 kipindi hicho kikapata tuzo ya Emmy. Kilichonigusa zaidi kwa huyu wa pili ni kwamba hakwenda mbali kutafuta cha kuandika. Aliandika chakula cha kwao, alichokulia, na kitabu hicho alikiandika pamoja na mama yake na dada yake, majina yao yakiwemo.

Hapo ndipo ninapotamani Shilole afike. Mgahawa unalisha wanaoufikia. Kipindi cha televisheni na kitabu vingemfikia binti wa Nzega ambaye hajawahi kupanda treni kwenda Dar.

Vitabu vya mapishi ninavyoviona madukani vinaanza na biriani na kuishia kwenye keki. Sina ugomvi na pilau. Mji huu wa Tabora ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya karne ya 19, na pilau ni yetu pia. Lakini matobolwa yako wapi? Michembe iko wapi? Viazi vitamu vikivunwa, vingine huchemshwa, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa. Hayo ni matobolwa. Vingine humenywa na kukatwa vikiwa vibichi, vikaanikwa. Hiyo ni michembe. Ni chakula kilichovusha familia nyingi za Unyamwezini na Usukumani miezi ambayo ghala lilikuwa tupu, na mpaka leo kinauzwa sokoni. Sasa muulize kijana wa Isevya au Cheyo michembe inalowekwa kwa muda gani, maji yanazidi viazi kwa kiasi gani, karanga zilizotwangwa zinaingia lini. Hajui, na hana pa kusoma. Bibi yake anajua, ila anapima kwa jicho na kiganja. Mtu mwenye subira inabidi akae naye, amwambie "bibi, ngoja kwanza", apime kile kiganja kwa kikombe na kuandika.

Yapo na mengine: mlenda, kisamvu cha karanga, uyoga wa porini unaojaa kando ya barabara mvua zikishika, na asali. Tabora inajulikana nchi nzima kwa asali, ya nyuki wakubwa na ile ya nyuki wadogo ambayo bei yake huwa juu zaidi. Na bado nyumbani tunaishia kuiweka kwenye chai au kuilamba mtu akikohoa! Mpishi mwenye kipaji angetuonyesha mengi.

Kuna na suala la afya. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo huota na ukungu kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri, na kuchemsha hakuiondoi. Karanga ndizo uhai wa mboga zetu. Tangazo la mtaalamu kuhusu kuanika juu ya turubai badala ya ardhini, na kutupa punje zilizosinyaa au zenye ukungu, watu hulisikiliza nusu. Akilisema Shilole huku anachambua karanga mbele ya kamera, watamsikiliza hadi mwisho.

Ninalo ombi moja ambalo naliona zito. Siku akienda Igunga kukusanya mapishi, wale akina mama watakaomfundisha waandikwe majina na walipwe. Mwiko wao umeshatumika bure vya kutosha, kwenye harusi na misiba, na hakuna aliyewahi kuwauliza walijifunza wapi.

Kwa vituo vya televisheni nasema hivi: vipindi vingi vya mapishi ninavyoviona vinapikiwa kwenye jiko la kisasa lenye oveni. Leteni kamera kwenye ua wenye jiko la mkaa na sufuria moja, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopikia.

Nawe Mhariri, wakati tunasubiri hayo, tenga kona ndogo kila wiki kwa chakula cha mkoa mmoja, chenye vipimo kamili na jina la aliyekifundisha. Ukikubali, ya kwanza nitaileta mimi: michembe kwa karanga, kwa watu sita.

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora.