Kuhusu usindikizaji wa roho

Jambo bandugu wa Bukavu. Wengi mumeniuliza kama huu usindikizaji wa roho ni maombezi. Hapana. Hakuna mikono kichwani, hakuna unabii, hakuna bahasha ya sadaka. Unaketi na msindikizaji mmoja, karibu saa nzima, mara moja kwa mwezi. Unaeleza vile unaenda na Mungu (ao vile hamupatani), yeye anasikiliza, anauliza kidogo, mara nyingi ananyamaza. Ukimya ule unachosha mwanzoni, nawaambia mapema.

Mkatoliki, Mprotestanti, Mkimbangu, Mwislamu, hata mwenye aliacha kusali: karibu. Wasufi, Waislamu wa njia ya kiroho, wako na murshidi wao, kiongozi wa roho. Wajezuiti, watawa Wakatoliki wale wa koleji Alfajiri hapa Bukavu, wanafuata njia ya Ignatius wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu vitani Pamplona, Hispania, mwaka 1521. Hapa hakuna mwenye atakugeuza dini. Akijaribu, niambie.

Unayosema hayatoki, hata kwangu hayafiki. Lakini mwenye anawaza kujiua aende kwanza kwa daktari, nitamsindikiza mwenyewe.

Niandikieni pembeni, si hapa: siku gani, mwanamke ao mwanaume, Mashi, Kiswahili ao Kifaransa. Bei hakuna. Pesa ya taksi-moto (pikipiki) ya kuja ni juu yako.