Barua kwa mwanangu anayesubiri kurudi uwanjani

Mwanangu mpenzi,

Dada yako ameniambia kwamba umemwomba kocha akuruhusu kugongana na wenzako kwenye mazoezi ya futiboli ya Kimarekani ya majira ya machipuko, na kwamba miezi mitatu ya dawa za kuzuia damu kuganda unaihesabu kama mfungwa anayehesabu kifungo. Sikukasirika. Nimeona nikuandikie tu, maana kwenye simu tukifika hapo wewe husema "niko poa, mama", nami hubaki sina la kuongeza.

Ulipolazwa mambo yalikwenda mbio na sidhani kama kuna aliyekaa kitako akakueleza vizuri. Damu yako iliganda kwenye mshipa wa ndani, kwenye shavu la mguu. Kipande kikamegeka, kikapanda na damu mpaka moyoni, moyo ukakisukuma kwenye mapafu, kikaziba njia. Ndiyo sababu ulikuwa ukipanda ngazi za bweni unahema, wewe unayesukuma majitu uwanjani. Mguu ulikuwa umeshakuuma kabla ya hapo, ukaambiwa msuli umevutika, ukaweka barafu ukaendelea kucheza. Wanamichezo wengi huambiwa hivyohivyo. Kijana mwenye nguvu, anayebeba vyuma kila asubuhi, ni nani atamdhania damu kuganda? Kumbe kijana huyo anapigwa miguu kila wiki, anakaa saa nyingi kwenye basi magoti yamekunjwa, anatoka jasho kuliko maji anayokunywa. Yote hayo huisaidia damu kuganda. Hapa Marekani serikali inakadiria kuwa watu hadi 900,000 hupatwa na tatizo hili kila mwaka, na kati ya 60,000 na 100,000 hufa. Mimi muuguzi nimewaona wa kila umri.

Sasa dawa. Hiyo unayomeza asubuhi na jioni haiyeyushi bonge la damu iliyoganda. Inalizuia lisikue na inazuia jingine lisijitengeneze. Kuliyeyusha ni kazi ya mwili wako, na mwili hufanya kazi hiyo taratibu. Kwa hiyo ukijisikia mzima usidhani umemaliza. Ukiruka dozi mbili tatu kwa sababu umechoka kuwa mgonjwa, kinga yote inaondoka, kwani dawa hizi za kisasa hazikai mwilini muda mrefu. Na kwa kadiri zinavyofanya kazi vizuri, ndivyo kugongana kunavyokuwa hatari: pigo la kichwa ambalo zamani lingekuachia maumivu ya siku moja linaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu. Daktari wa damu hakukukataza mgongano kwa ukali wa moyo. Vilevile zile ibuprofen mnazogawana chumba cha kubadilishia nguo, usiziguse. Zikikutana na dawa yako, damu huvuja kwa urahisi zaidi.

Najua unamtaja sana Trey Smith. Nimemsoma habari zake zote, baba, pengine kuliko wewe. Alikuwa mstari wa mbele kama wewe, chuo kikuu cha Tennessee. Februari 2018 wakamkuta na mabonge kwenye mapafu. Akatibiwa, akarudi msimu ulipoanza, na Oktoba mwaka huohuo akasimamishwa tena kwa sababu ileile. Hapo ndipo watu wengi wangefunga kitabu. Mwaka 2019 alirudi kwa mpango ambao madaktari waliutengeneza kwa ajili yake peke yake: wiki nzima anafanya mazoezi bila kugongana, siku ya mechi anaingia. Hebu fikiria, mchezaji wa nafasi ile, ambaye kazi yake yote ni kugongana, anakaa pembeni wenzake wakisukumana, kisha Jumamosi anasimama mbele ya watu waliofanya mazoezi kamili. Akachaguliwa katika kikosi bora cha ukanda wao. Hata hivyo timu za NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, ziliogopa mapafu yake; zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2021 akangoja mpaka raundi ya sita, akachukuliwa na Kansas City Chiefs akiwa wa 226. Tangu hapo ameshinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, mara mbili. Alikuwa amemwahidi mama yake, kabla hajafariki mwaka 2015, kwamba atapata shahada na atafika ligi ile. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikalia.

Lakini angalia kilichomrudisha. Ni madaktari waliokaa naye, na yeye akakubali kufanya mazoezi nusu mbele ya macho ya kila mtu. Wewe unachomwomba kocha ni kurudi kabla ya vipimo, na kocha hana mamlaka hayo, hata akikupenda vipi.

Na yupo Chris Bosh, yule wa mpira wa kikapu, ambaye hutaki nimtaje. Februari 2015 mabonge kwenye mapafu, akatibiwa, akarudi kwenye timu yake ya Miami Heat akacheza vizuri kweli. Februari 2016 damu yake ikaganda tena. Alikuwa na miaka 31 na hakucheza tena. Leo yumo kwenye ukumbi wa mashujaa wa mpira wa kikapu, ana watoto wake, anaishi. Sikutakii njia hiyo. Nataka tu uelewe kwamba ikija, nitakuwa mama yako yuleyule, na baba yako atabaki kujisifu kwa wenzake msikitini kama anavyojisifu sasa.

Ninalokuomba kwa kweli ni moja, mwanangu: usifiche. Pumzi ikikata, kifua kikichoma ukivuta hewa, mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukikohoa damu, sema saa hiyohiyo na uende hospitali, hata iwe usiku, hata iwe kesho kuna mechi. Wakikwambia ni msuli, waambie historia yako na uombe kipimo cha CT cha kifua, picha ya mashine inayoonyesha mishipa ya mapafu. Serena Williams, mcheza tenisi, alipojifungua mwaka 2017 alihisi pumzi inakata, akamwambia muuguzi anahitaji kipimo cha CT na dawa ya kuzuia damu kuganda. Walidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Akashikilia, kwa kuwa mapafu yake yalikwisha kumfanyia hivyo mwaka 2011, na kipimo kikaonyesha mabonge. Bingwa yule, na bado ilibidi abishane. Wewe pia ubishane.

Ukienda kwa daktari wa damu mwezi ujao, muulize kama wamepima damu yako kuona kama tatizo ni la kurithi, maana hilo litatuhusu sisi sote, na dada yako kwanza. Muulize pia kama mpango wa aina ya Smith unakufaa wewe, na umpe nafasi ajibu hapana.

Bibi yako Tanga anauliza kama mwezi wa sita tutakuja. Kutoka hapa Houston ni karibu siku nzima angani, na kukaa kwenye kiti muda wote huo si kwako kwa sasa bila ruhusa. Sijanunua tiketi. Muulize daktari hilo nalo, kisha unipigie.

Mama yako