Kibuyu chako kinazunguka siku nzima, na bei ni ile ile

Mbukwenyi wateja. Kwa msionijua, kazi yangu ni kupaka epoksi, ule mng'ao mgumu kama kioo, kwenye vibuyu, fimbo na mikongojo. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe. Juzi kaja kaka mmoja kutoka Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, kufuata kibuyu chake, akakikuta kinazunguka taratiiibu kwenye mashine, akaniangalia, akasema "yani elfu 18 nimelipa kuzungushiwa kibuyu?" Akaondoka anasema nimempiga hela. Na si wa kwanza, kila mwezi lazima nimpate mmoja wa hivyo, so leo naeleza mara moja yaishe.

Epoksi sio vanishi. Vanishi unapaka nyembamba inakauka huku unaiona. Epoksi ni vimiminika viwili, resini na hadina (kile cha kugandisha), vikikutana ndo vinaanza kugandana vyenyewe, na hii ninayotumia mimi mpaka iache kutembea ni masaa 4 hadi 6, usiku wa Juni na Julai baridi la huku likishuka, hata masaa 8 yanafika. Masaa yote hayo bado ni uji. Ilaze fimbo mezani uende kulala, asubuhi utakuta ina tumbo upande wa chini na mgongoni imebaki kavu. Ndo maana tunazungusha, tone likitaka kushuka linakuta chini pamekuwa juu.

Mashine yenyewe sifichi, kajitengenezee ukitaka. Mota ya sahani ya maikrowevu mbovu, ile ya mizunguko 5 au 6 kwa dakika, bomba la plastiki la nusu inchi, sponji ya kubana ndani ya mdomo wa kibuyu, ubao wa kusimamishia, na beringi upande wa pili kama mzigo ni fimbo. Ila soma kibandiko cha mota kwanza, zipo za volti 220 na zipo za volti 21, hiyo ya pili ukiichomeka ukutani inakufa hapo hapo (nimeshaua moja, tuyaache). Ukizima ukawasha inaweza ikageuka ikazunguka upande mwingine, usihangaike nayo, haina shida. Halafu weka pima maji juu ya bomba. Hapa ndo wengi wanafeli, bomba likiinama kidogo tu epoksi inatambaa polepole kwenda upande wa chini hata kama inazunguka vizuri, asubuhi kitako kinene shingo nyembamba.

Sasa wajanja. Kuna kijana alifunga mota ya feni, akaniambia kwa simu "inazunguka fresh kabisa". Ilizunguka fresh mpaka epoksi yote ikaruka ukutani na kwenye shati lake. Mwingine aliona jua la Dodoma lote hili la bure, akaanika kibuyu uani. Kibuyu kina hewa ndani ya nyama yake, kikipata joto hewa inatanuka inatoka kwa juu, kikajaa malengelenge kama kimeungua, na ule upepo wetu ukamalizia na vumbi. Mama mmoja naye, mkongojo wa zawadi ya kustaafu kwa mzee wake, aliuning'iniza kwenye kamba ya nguo, ukaota ndevu za matone chini. Kuja kwangu nimekwangua, nimepiga msasa 120, 220, 400, nikafuta na spiriti, nikapaka upya, elfu 40. Angeuleta mwanzo ni 20. Na hapo bado akaniona mimi ndo ghali!

Na jamani acheni kuongeza hadina ili ikauke haraka. Kama chupa imesema moja kwa moja, yaani kipimo kimoja cha resini kwa kimoja cha hadina, ni hivyo hivyo. Ukizidisha inabaki inanata milele. Mwanafunzi wangu alichanganya kopo zima kwa mpigo akaenda kuongea na simu, akarudi kopo la plastiki limelegea linatoa moshi, maana ikiwa nyingi sehemu moja inajichemsha yenyewe.

Kwa hiyo unalipia nini? Unalipia mikono miwili ya epoksi, yaani kupakwa mara mbili, kila mmoja na zamu yake kwenye mashine, unalipia mimi kukaa na tochi ya gesi nusu saa ya kwanza natoa mapovu, unalipia betri. Betri nilinunua baada ya umeme kukatika saa nane usiku nikiwa na vibuyu 6 vya oda ya harusi, niliamka nikavizungusha kwa mkono mpaka alfajiri, na vya mwisho viwili bado viliniharibikia nikavilipa mwenyewe. Sa hivi nina mota ya gia ya volti 12, umeme ukate usikate inazunguka.

Siku ya pili kikitoka kwenye mashine kinaonekana kimekauka, hakijakauka. Kinahitaji masaa 72 ndo kigumu kweli. Ukija mapema usikibonyeze kujaribu. Yule kaka wa Nkuhungu kabla hajaondoka alibonyeza, dole gumba lake lipo ubavuni mpaka mistari inaonekana, na kibuyu bado kipo hapa dukani kinamsubiri.