LUKU moja, wapangaji wanne: namna ya kugawa umeme bila ugomvi

Kwenye nyumba za vyumba hapa Dar es Salaam, umeme unagombanisha wapangaji kuliko choo na maji. LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja, vyumba ni vinne, na kila mwezi kuna anayesema analipia friji la mwenzake. Mara nyingi anasema kweli.

Kugawa sawa kwa sawa kunamuumiza asiye na vitu. Kugawa kwa kuhesabu vyombo nako kunadanganya, kwa sababu watu hukadiria kwa ukubwa wa chombo. Televisheni ya inchi 32 ikiwaka saa tano kwa siku hula takriban robo uniti (uniti moja ni kWh moja). Feni ya wati 60 usiku kucha, nusu uniti. Friji la kawaida, uniti moja hadi moja na nusu kwa siku, maana mota yake huwaka na kuzima. Jiko la koili la wati 2,000 likipikia maharage saa mbili linameza uniti nne. Mwenye koili chini ya kitanda, ambayo haimo kwenye orodha, ndiye anayemaliza LUKU, huku lawama zikimwendea mwenye friji.

Dawa ni mita ndogo kwa kila chumba. Hufungwa baada ya mein swichi, upande wa mwenye nyumba. Waya unaotoka LUKU kurudi kwenye nguzo ni wa TANESCO, shirika la umeme, na haufunguliwi. Kila chumba kipate mita yake, sakiti breka yake, na waya wake wa laivu na wa nyutro hadi mwisho. Hapo kwenye nyutro ndipo kazi nyingi huharibika. Nyumba za zamani zina nyutro moja inayozunguka vyumba vyote, na fundi mwenye haraka huikata laivu tu na kuipitisha kwenye mita. Baadaye mita inasoma vibaya, au breka ya chumba kimoja inazimwa na taa ya chumba kingine nayo inazimika.

Jambo la pili ni mpangilio wa tundu za mita. Aina moja ina laivu ya kuingia na ya kutoka zikifuatana, nyingine ina nyutro mbili katikati. Fundi akifunga kwa mazoea bila kutazama mchoro ulio chini ya kifuniko, siku ya kuwasha ni shoti. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kabla ya kukabidhi, zima vyumba vyote ukiacha kimoja, chemsha jagi la umeme, kisha hesabu kumeta kwa taa nyekundu ya mita kwa dakika tatu. Mita iliyoandikwa 1600 imp/kWh, yaani kumeta mara 1,600 kwa kila uniti, humeta mara 160 katika dakika hizo kwa jagi la wati 2,000. Umeme ukiwa mdogo hesabu itapungua, kwa hiyo mtu wa pili ahesabu taa ya LUKU dakika hizohizo. Kila mmoja agawe hesabu yake kwa namba iliyoandikwa kwenye mita yake. Majibu yakiachana sana, mita hiyo haifai.

Sasa mahesabu. Tuseme mwezi ulianza LUKU ikiwa na uniti 12.4, mkanunua umeme wa shilingi 60,000, na mwisho zikabaki 9.6. Katika hizo 60,000, shilingi 1,500 ni kodi ya jengo ya mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji, kwa hiyo mwenye nyumba airudishe au aikate kwenye pango. Zinabaki 58,500. Kwa bei ya kundi la T1, la watumiaji wa kawaida, shilingi 292 ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti moja ni takriban 356. Mlipata uniti 164.2.

Matumizi ya nyumba ni 12.4 + 164.2 – 9.6, yaani 167. Mita ndogo zimesoma 18, 41, 27 na 52, jumla 138. Tofauti ni 29. Pampu ya wati 750 ikizunguka saa moja kila siku hula 22.5 kwa mwezi, na taa mbili za nje za wati 9, saa 12 kila usiku, hula 6.5. Hizo ndizo 29. Gawa kwa wanne, kila chumba kiongezewe 7.25. Chumba cha kwanza kitalipa karibu shilingi 9,000, cha nne karibu 21,100. Mkigawa sawa, kila mmoja angetoa kama 14,900.

Tofauti ikizidi ile inayoelezwa na pampu na taa, tafuta waya uliochukuliwa kabla ya mita. Usiigawe tu.

Mita ndogo za tokeni zipo, lakini LUKU kubwa ikiisha, hata mwenye tokeni anabaki gizani. Sisi hupendekeza mita za kusoma: kila chumba kitoe mapema kiasi alicholipa mwezi uliopita, picha za mita zitumwe kwenye kundi la WhatsApp tarehe moja, kisha mnarekebishana. Mpangaji anapoingia na anapohama, namba inayosomeka kwenye mita iandikwe kwenye mkataba, na yeye na mwenye nyumba wasaini. Mwenye nyumba asiweke faida juu ya uniti.

Ukiwa na uwezo, omba LUKU ya kila chumba TANESCO. Mtumiaji mdogo aliyewekwa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban 122 kwa uniti. Uniti 25 zinamgharimu kama 3,050, badala ya karibu 8,900 kwenye LUKU ya pamoja, ambayo kwa wingi wa watu haiwezi kubaki D1.