Vijana wangu mnaoandamana, kesho yake mnafanya nini?

Wanangu,

Nimeona picha zenu, barabara imejaa hadi lami haionekani, na nimefurahi kweli maana mtu anayeacha shughuli zake akatoka kudai haki ambayo hata si yake peke yake, huyo ni mtu. Sasa nisikilizeni kidogo mzee wenu.

Na mimi niliandamana enzi zangu. Tulitembea toka asubuhi, tukaimba hadi sauti zikakauka, jioni nikafika nyumbani miguu imevimba nikalala nikijua tumeshashinda. Kesho yake nikaenda kazini, wenzangu nao wakaenda kazini, na kile tulichokuwa tunakidai hakuna aliyekiulizia tena. Linaniuma mpaka leo.

Tarehe 15 Februari 2003, siku ya Jumamosi, mamilioni ya watu walijaa mitaani London, Roma, New York na miji mingine kibao kupinga vita ya Iraki. Mwezi uliofuata mabomu yakaanza kudondoka Baghdad. Watu hawakuwa wachache jamani, ila wakubwa walijua Jumatatu kila mtu atarudi kwenye mambo yake, kwa hiyo wao kazi yao ilikuwa kuvumilia wikiendi moja tu.

Halafu angalieni Montgomery, Marekani, 1955. Rosa Parks, mama mweusi, alipokamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, mwalimu wa chuo anaitwa Jo Ann Robinson alikesha usiku uleule anachapa vipeperushi, maelfu kwa maelfu, mashine inazunguka hadi alfajiri, kuwaambia watu weusi Jumatatu msipande basi. Mpango ulikuwa siku moja! Jioni ya Jumatatu hiyo wakakutana kanisani wakakubaliana waendelee, na wakaendelea siku 381. Hebu fikirieni, mama anafanya kazi za ndani upande wa pili wa mji atafikaje? Wakapanga magari ya kubebana, wakaweka vituo na ratiba, wengine wakatembea tu kwenye mvua na baridi, huku kampuni ya mabasi inapoteza hela kila siku kwa sababu abiria wake wengi walikuwa haohao. Na pembeni kuna kesi inaendelea, hadi Mahakama ya Juu ikasema ubaguzi kwenye mabasi ni kinyume cha katiba.

Nyie mna simu, mnajaza barabara ndani ya siku tatu, ni uwezo mkubwa sana ila una hasara yake: mnafika pale hamjuani, na serikali ikisema haya leteni watu wa kuongea nao, mnaanza kuangaliana.

Na mawe acheni, naomba sana. Watafiti wawili, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walichambua harakati za kuanzia 1900 hadi 2006 wakakuta zisizo na fujo zimefanikiwa karibu mara mbili ya zile za silaha. Mimi sishangai, maana jiwe la kwanza likiruka tu mama mwenye mtoto mgongoni anarudi nyumbani, na mimi na goti langu narudi, mnabaki nyie na polisi.

Kwa hiyo mkikutana tena, kabla hamjagawana mabango, andikeni kwenye karatasi moja mnadai nini, nani hasa mwenye uwezo wa kuwapa, na akikataa mtamnyima nini na kwa muda gani. Mkimaliza nileteeni niisome, halafu niambieni ni saa ngapi tunaanza kutembea.