Wageni wa baiskeli wasiachwe nyuma

Mhariri,

Mtu mzima akijiunga na kundi la baiskeli mara nyingi haonekani tena Jumapili ya pili, na kosa ni la kundi. Wenye kasi wakichomoka Mwenge, mgeni hufika Tegeta peke yake. Atazungumza na nani? Safari ya kwanza iwe kilomita 20, mwendo wa 15 kwa saa, mzoefu mmoja abaki mkiani.

Pancha isiwaudhi, pale kivulini mnapoiziba ndipo watu huulizana majina. Solusheni, yaani gundi ya kiraka, ikishapakwa iachwe kama dakika tano ikauke kabla ya kubandika kiraka. Ikiwa mbichi, kitabanduka. Na tairi lipapaswe ndani kwa kitambaa, mwiba ukibaki utatoboa tyubu tena.

Mwendesha baiskeli,
Dar es Salaam