Usiwashe Hewa ya Moto Kabla Hujapima

Tanga

Swahiba Hamisi,

Salaamu nyingi kutoka huku. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Barua yako nimeipata pamoja na picha za ile bodi ya simu iliyozimika. Kubwa uliloniuliza ni hili: aisii ya pawa, yaani ile inayogawa umeme kwenye bodi, uipashe moto kwa digrii ngapi. Jibu langu ni kwamba usiipashe kabisa, kwa sababu bado hujui kama mgonjwa ni yeye. Simu imezimika ghafla, mita ya USB, inayopima mkondo wa chaji, inasoma 0.00 na bodi inapata joto ukichomeka betri: hizo ni dalili za shoti, na shoti ina makazi mengi kabla ya kuifikia aisii ya pawa.

Nikueleze kwanza kwa nini naogopa hewa ya moto. Risasi ya kuunganishia vipuri inayotumika kiwandani huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Chini ya prosesa, yaani ubongo wa simu, na aisii kubwa wengi humwaga gundi ngumu kuzishika zisichomoke simu ikianguka. Ukipuliza moto karibu, vile vitone vya risasi chini ya aisii huyeyuka na kuvimba, lakini gundi haivipi nafasi, basi risasi inajipenyeza pembeni na kugusa kitone cha jirani. Simu iliyoingia na shoti moja ya kapasita, kipuri kidogo cha kuchuja umeme, inatoka na shoti tano chini ya prosesa. Hapo hakuna fundi wa kuirudisha kwa bei ambayo mteja ataikubali.

Kuhusu kuifungua sina mengi, ila katika picha nimeona skrubu zote umezimwaga kwenye kisosi kimoja. Acha hilo mara moja. Chora umbo la simu kwenye karatasi, bandika tepu ya pande mbili, na kila skrubu ikae pale ilipotoka. Bodi ya simu ina tabaka nyingi za shaba, mara nyingi 8 au 10, na skrubu iliyozidi urefu kwa sehemu ya milimita tu hutoboa tabaka za ndani na kukata njia usizoziona. Kava la nyuma lililogundishwa lipashe hadi nyuzi 70 au 80, dakika moja au mbili, kisha pitisha kadi nyembamba ya plastiki huku ukidondoshea alkoholi kidogo kulainisha gundi. Trei ya laini itoke kabla ya yote. Kwenye simu zenye kisoma alama ya kidole mgongoni, inua kava sentimita mbili tu uchungulie, maana fleksi yake, ule waya bapa, imefungwa kwenye bodi na ukivuta kwa nguvu inakatika. Halafu soketi ya betri ndiyo ya kwanza kuchomoa na ya mwisho kurudisha. Ukichomoa fleksi ya kioo cha LCD betri ikiwa hai, umeme wa taa ya kioo unaweza kugusa pini ya jirani ukachoma fyuzi au koili ya taa, nawe utarudisha simu inayowaka gizani.

Sasa njoo kwenye kupima. Weka betri pembeni uipime yenyewe. Betri nzima husoma kati ya volti 3.7 na 4.4 kulingana na chaji iliyobaki. Ikisoma chini ya 3.0 imeisha kupita kiasi. Ikisoma sifuri kabisa, huenda saketi yake ya ulinzi imejifunga, na mara nyingi hilo hutokea kwa sababu bodi ilikuwa inainyonya. Kwa hiyo betri mpya haitakuwa dawa mpaka bodi ipimwe. Angalia pia ile pini ya tatu, ya kipimajoto cha betri. Simu inayoandika kwamba betri ina joto au baridi mno wakati iko kawaida, tatizo lake liko kwenye njia hiyo.

Kisha chukua ile mashine yako ya umeme wa DC. Iweke volti 4.0, na kikomo cha mkondo ampea 1 kwa mara ya kwanza. Unganisha chanya na hasi kwenye soketi ya betri, na usibonyeze chochote. Mita isome 0.000. Ikisoma hata 0.030 kabla hujabonyeza, umeme unavuja kwenye njia kuu ya betri. Ikipanda moja kwa moja hadi kikomo na volti zikaanguka, hiyo ni shoti kamili, na kwa maelezo yako simu yako iko hapa.

Kama ingesoma sifuri, ungepandisha kikomo hadi ampea 3, kwa kuwa simu inapowaka huvuta zaidi ya ampea 1 kwa vipindi vifupi, kisha ungebonyeza kitufe cha kuwasha na kuitazama sindano. Isipotikisika, fuata njia ya kitufe: pini ya kitufe mara nyingi hukaa na volti 1.8 au karibu na za betri, na hushuka sifuri ukibonyeza. Ikipanda kidogo na kurudi sifuri, ikapanda tena na kurudi, aisii ya pawa inajaribu kuamka, inakuta mojawapo ya njia zake za umeme ina shoti, inajizima. Ikiganda mahali pamoja, tuseme kati ya 0.03 na 0.10, pawa imetoka lakini prosesa haijaanza kazi. Kabla ya kukata tamaa ichomeke kwenye kompyuta. Simu yenye prosesa ya Qualcomm ikijitambulisha kama 9008, yaani hali ya dharura ya kupokea programu, prosesa iko hai na shida ni programu au memori, kwa hiyo kuflashi, yaani kuipakia programu upya, kunaweza kuisaidia. Tahadhari: namba hizi hutofautiana kati ya modeli na modeli. Kinachokuambia ukweli ni mwendo wa sindano kuliko namba yenyewe.

Turudi kwa simu yako. Ondoa umeme wote, weka multimita kwenye modi ya dayodi, waya mwekundu kwenye hasi ya bodi, yaani kifuniko chochote cha bati, na mweusi uguse sehemu unayopima. Njia nzima kwa kawaida husoma kati ya 0.3 na 0.7. Ikisoma 0.000 ina shoti, na ikiandika OL njia imekatika. Pima njia ya betri, halafu njia kuu inayotoka kwenye aisii ya chaji. Ukifungua ramani za bodi utaikuta kwa majina tofauti: VPH_PWR kwenye Qualcomm, VSYS kwenye MediaTek, na VDD_MAIN kwenye iPhone. Kazi ni ileile, kugawa umeme wa betri bodi nzima. Ikiwa hizo ni nzima, zunguka aisii ya pawa ukipima koili moja baada ya nyingine, kwani karibu kila koili pale ni mlango wa njia moja.

Kuna mtego hapa. Njia ya prosesa, inayobeba volti 1 au pungufu, kwa asili ina ukinzani mdogo sana, mara nyingine omu chache tu. Multimita italia kama shoti na wewe utaihukumu bure. Dawa yake ni kulinganisha na bodi nyingine ya modeli hiyohiyo. Ukipita Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ulizia bodi mbovu. Hata bodi yenye memori iliyokufa inakufaa, utapima juu yake na utang'oa vipuri humo. Andika vipimo kwenye daftari kwa jina la modeli.

Ukishajua njia yenye shoti, mtafute mwenye kosa kwa joto. Paka rosini utando mwembamba mweupe juu ya vipuri vya njia hiyo, kwa kuigusisha kwenye ncha ya chuma cha kuchomea ili moshi wake uangukie bodi. Ukikosa rosini, tandaza alkoholi ya isopropili ya 99% utazame inakokauka kwanza. Rudisha mashine ya DC hadi volti 1, ampea 1, unganisha hasi kwenye bati na chanya kwenye njia ile, kisha panda mkondo taratibu, usizidi ampea 3. Kipuri chenye shoti kitapata joto na rosini juu yake itakuwa ang'avu kama maji. Kwenye njia kuu ya betri unaweza kupanda hadi volti 4, kwa sababu ndizo volti zake. Kwenye njia ya volti 1 au 1.1 usithubutu kuzidi hapo. Shoti ikiachia ghafla, volti zote zinakwenda moja kwa moja ndani ya prosesa au memori na kuiua papo hapo.

Umesema joto liko upande wa juu karibu na kamera, chini ya kifuniko cha bati. Kitoe kile kifuniko kwanza, maana bati husambaza joto na kukudanganya mahali. Vingi vimebanwa tu, utavinyanyua kwa kibano. Kilichounganishwa kwa risasi kikate kwa mkasi mdogo pembezoni, ni salama kuliko kukipasha chote. Kwenye bodi nyingi eneo hilo lina aisii za kuongeza nguvu ya mtandao, ambazo hula umeme wa betri moja kwa moja, na pembeni yake kuna kapasita za kuchuja. Dhana yangu ya kwanza ni kapasita. Kapasita za kauri hupata ufa bodi inapopinda, simu ikianguka au ikikaliwa mfukoni, na tabaka zake za ndani zikigusana ndiyo shoti. Ile inayosimama kati ya njia na hasi ukiing'oa simu itafanya kazi, kwa kuwa wenzake kadhaa wanasaidia kuchuja njia hiyohiyo. Koili usiing'oe ukaacha wazi, yenyewe umeme unapita ndani yake. Na ikiwa rosini imeyeyuka juu ya aisii ya mtandao yenyewe, iondoe upime tena. Simu ikiwaka bila mtandao, umeshajua kipuri cha kutafuta.

Hapa ndipo ruhusa ya hewa ya moto inapokuja. Fluksi kidogo, ile dawa ya kusaidia risasi iyeyuke vizuri, mashine nyuzi 350 hadi 380, upepo mdogo ili vipuri jirani visiruke, na tepu ya kahawia inayostahimili joto juu ya prosesa na soketi za plastiki. Kapasita ndogo hutoka ndani ya sekunde chache. Ikichelewa, acha, ongeza fluksi, usiongeze joto. Ikishatoka pima njia kabla ya kufanya kitu kingine. Ikisoma kama bodi nzima, rudisha volti 4.0 na uone sindano imetulia sifuri.

Kwa yale mengine uliyoandika mwishoni, kuhusu simu zenye shida ya chaji na zilizoingia maji ya bahari: simu inayochaji kebo ikielekezwa upande mmoja tu haina ugonjwa wa aisii ya chaji. Soketi ya Type-C ina pini mbili za utambuzi, CC1 na CC2, moja kwa kila upande, na moja imekatika au ina kutu. Badilisha ile bodi ndogo yenye soketi ya chaji. Inayochaji polepole sana kwa kila chaja, pima njia za data D+ na D-. Zikikatika simu haiitambui chaja, inavuta mkondo mdogo wa tahadhari. Na chaja mbovu ikipitisha volti kubwa, mara nyingi wa kwanza kufa ni dayodi ya ulinzi karibu na soketi. Ukiiondoa simu itachaji, lakini rudisha nyingine kutoka kwenye bodi ya akiba, la sivyo ajali ijayo itapiga aisii ya chaji.

Simu zilizoingia maji ya bahari zinahitaji haraka kuliko nyingine zote. Chumvi pamoja na umeme wa betri hula shaba kwa saa, si kwa siku. Betri ichomolewe hapohapo, mteja akatazwe kuchaji kujaribu. Mchele hautoi chumvi. Ng'oa vifuniko vya bati, suuza bodi kwa maji safi yasiyo na chumvi (distilled), maana alkoholi peke yake haiyeyushi chumvi vizuri, kisha sugua kwa mswaki laini na alkoholi ya 99%, halafu ikaushe. Thina ya rangi na petroli viache kwa wapaka rangi, vinayeyusha plastiki za soketi na gundi za kioo.

Na kabla hujaishika simu yoyote, muulize mwenyewe: unataka simu au unataka picha na namba zilizomo? Simu za sasa hufunga data kwa ufunguo uliomo ndani ya prosesa, hivyo memori peke yake ukiihamishia bodi nyingine haisomeki. Prosesa ikiungua, picha za marehemu mama yake zimekwenda. Anayetaka picha usimfanyie jaribio lolote la moto ambalo huna uhakika nalo.

Nisubiri nijue vipimo vyako. Nitumie vitatu: njia ya betri kwenye modi ya dayodi, njia ya VSYS, na mkondo unaosoma kabla ya kubonyeza kitufe ukiwa na volti 4.0. Piga na picha ya bodi baada ya kutoa kile kifuniko cha juu, kwa mwanga wa ubavuni, ili nione kapasita zenye ufa. Rosini nakufungia kipande kwenye bahasha hii.

Msalimie sana shemeji.

Wako,
Salim